Je, Wajua? Bahati ya Wagiriki

Msomaji wa Biblia amekwisha kulitamka neno la kale la Kigiriki la bahati, hata kama hakujua. Neno hilo ni tyche, nalo limo ndani ya majina matatu ya Agano Jipya: Tikiko, Sintike na Eutiko. Huyu wa mwisho ndiye Bahati au Sudi wa Wagiriki, maana eu ni njema. Kisa chake kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 20. Paulo alihubiri kule Troa hadi usiku wa manane, na kijana huyo aliyeketi dirishani akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Aliokotwa amekufa, lakini wenzake waliondoka naye akiwa hai. Naona jina lilimstahili kweli.

Tyche limetokana na kitenzi tynchanein: kupiga shabaha, au kukutana na jambo usilolitazamia. Kwa hiyo lenyewe halikuegemea upande wowote. Jambo lililokukuta lingeweza kuwa heri, lingeweza kuwa balaa. Aliyetaka heri tu aliongeza agathe, njema, na maazimio mengi ya miji ya Wagiriki yaliyochongwa kwenye mawe hufunguliwa kwa kuiomba hiyo bahati njema.

Aristotle aliwanyima wanyama na watoto wadogo neno hili. Katika kitabu chake cha Fizikia anatoa mfano wa mtu aliyekwenda mahali kwa shughuli nyingine, akamkuta mdeni wake akipokea fedha, akalipwa. Hiyo ni tyche, kwa sababu angejua angekwenda kwa makusudi. Asiyeweza kuchagua hana tyche. Yanayomtokea yana jina jingine, automaton.

Wagiriki walimwabudu Tyche kama mungu wa kike, na baadaye kila mji ukataka wake. Mfalme Seleucus wa Kwanza alipojenga Antiokia mwaka 300 KK, Eutychides, mwanafunzi wa mchongaji Lysippos, aliufulia mji huo sanamu ya shaba: mwanamke ameketi juu ya mwamba, kichwani taji lenye umbo la kuta za mji, na miguuni pake kijana anayeogelea, ambaye ni mto Orontes. Sanamu yenyewe imepotea. Nakala yake ya marumaru iko katika makumbusho ya Vatican, na taji lile la kuta lilienea kwenye sarafu za miji mingi ya Mashariki.