Almasi Ina Cheti, Aliyepigwa Risasi Hana

Lori la mbao haliondoki Mafinga bila karatasi. Dereva anayepeleka shehena ya misonobari Dar es Salaam hubeba TP, hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kwenye kizuizi huulizwa hiyo kabla salamu hazijaisha. Hati inaeleza mzigo ni wa nani, ni wa mti gani na umetoka wapi. Haielezi kama kijana aliyekuwa akisukuma gogo kwenye msumeno alipoteza vidole, wala hakuna anayetarajia ieleze hayo. Kazi yake ni kulinda msitu na mapato ya serikali.

Almasi ghafi nayo ina TP yake. Tangu mwaka 2003 biashara ya mawe hayo kati ya nchi na nchi huenda na cheti cha Mchakato wa Kimberley, uliopata jina kutoka mji wa Afrika Kusini ambako nchi zinazochimba zilikutana mwaka 2000. Tanzania ni mwanachama. Cheti hicho kinaahidi jambo moja tu: kwamba jiwe halikutumiwa na waasi kugharamia vita dhidi ya serikali halali. Waliokiandika walikuwa na Angola ya UNITA na Sierra Leone ya RUF machoni mwao. Shida ni kwamba mnunuzi wa pete anakisoma kama ahadi kubwa zaidi, kana kwamba kinasema hakuna aliyeumia.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini almasi ni habari ya mbali. Madini yanayojulikana huku ni dhahabu ya Chunya, na shaba ya Kongo inayopita Mafinga kwa malori ya barabara ya TANZAM kuelekea bandarini. Almasi haihitaji lori. Karati moja ni gramu 0.2, na mali ya kununulia nyumba ya ghorofa inaingia kwenye mfuko wa shati. Ndiyo maana majeshi huipenda.

Kisangani, mji wa Waswahili kwenye bega la Mto Kongo, ulilipa gharama hiyo. Majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia Kongo mwaka 1998 yakiwa upande mmoja, kisha yakageukiana ndani ya mji wa watu. Miongoni mwa yaliyogombewa ni nani ashike biashara ya almasi. Pigano kubwa zaidi lilidumu siku 6, kuanzia tarehe 5 Juni 2000. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inakadiria raia waliokufa kuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa kuwa zaidi ya 1,000. Kati ya makadirio hayo mawili kuna pengo la watu zaidi ya 500. Karati za almasi huwa hazihesabiwi hivyo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza uporaji huo waligundua kwamba Uganda, nchi isiyojulikana kuchimba almasi, ilikuwa imeanza kuiuza nje katika miaka hiyohiyo.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Rwanda haikufikishwa kwenye hesabu hiyo, maana mahakama ilikwishasema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shauri dhidi yake.

Hiyo ndiyo almasi ya vita ambayo cheti kilitungwa kuizuia. Nyumbani kwetu mambo ni tofauti, na kwa namna fulani ni magumu zaidi.

Mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, uligunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson. Mwaka 1947 ulitoa jiwe la waridi la karati 54.5, Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake, na baada ya kukatwa likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mwadui haujawahi kushikwa na waasi. Kwa kipimo cha Kimberley, kila jiwe lake ni safi.

Uzio wa mgodi huo ni mrefu, na nje yake kuna vijiji vya watu wanaojua kilichomo ndani. Vijana huingia usiku na sululu na chekeche kutafuta changarawe. Wenyewe huitwa wabeshi. Ni kweli wanavunja sheria, na ni kweli pia kwamba walinzi wameumizwa katika makabiliano nao. Lakini ripoti ya shirika la Uingereza la RAID ya Novemba 2020 ilieleza adhabu ambayo haimo katika sheria yoyote ya Tanzania: watu waliopigwa risasi kwa karibu, waliochomwa visu, waliofungiwa kwenye chumba kichafu mgodini, waliotiwa pingu kwenye vitanda vya hospitali. RAID ilihesabu vifo visivyopungua 7 na mashambulizi 41 tangu kampuni ya Petra Diamonds iuchukue mgodi mwaka 2009, na ikawataja walinzi wa kampuni binafsi pamoja na polisi.

Kesi ilifunguliwa London, si Shinyanga. Mei 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3, karibu dola milioni 6 kwa viwango vya wakati ule, katika shauri la walalamikaji 71. Fedha hizo zilijumuisha fidia, sehemu ya gharama za mawakili na miradi ya vijiji. Kampuni ilikiri kwamba vifo na majeraha vilitokea, ila haikukubali kuwajibika kisheria. Baadaye ikaanzisha utaratibu wa kupokea malalamiko papo hapo mgodini. Yakafika kwa maelfu.

Mwishoni mwa mwaka uleule, Mwadui ulitoa jiwe lingine la waridi la karati 32.32. Lilikatwa likabaki karati 11.15, uzito usiozidi gramu 2.3. Oktoba 2022 likanunuliwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Novemba, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka na tope likafunika ardhi ya wanakijiji wa Ng'wang'holo na Nyenze.

Serikali haikuwa imelala miaka yote hiyo. Septemba 2017 ilizuia uwanja wa ndege wa Julius Nyerere mzigo wa almasi za Mwadui wa karati 71,654 uliokuwa ukisafirishwa, kilo 14 na ushee. Nyaraka zilisema thamani yake ni dola milioni 14.8, wathamini wa serikali wakasema milioni 29.5. Kampuni ilikana kosa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mussa Azzan Zungu ilikuwa imechunguza sekta nzima ya almasi, na waziri mmoja na naibu waziri mmoja wakajiuzulu. Kazi ilifanyika kwa ukali unaostahili. Lakini ilikuwa kazi ya kupima mawe. Waliokufa kwenye mashimo hayohayo walisubiri miaka mingine 3 mpaka shirika la ng'ambo lije kuandika habari zao, na hilo ni doa kwa taasisi zetu kuliko kwa kampuni yoyote.

Ndani ya Mchakato wa Kimberley wenyewe watu wamejaribu kupanua maana ya almasi ya vita ili iguse pia ukatili wa walinzi na vyombo vya dola. Marange, Zimbabwe, mwaka 2008 askari waliua wachimbaji zaidi ya 200 kwa hesabu ya Human Rights Watch, na bado almasi za huko zilipata ruhusa ya kuuzwa. Shirika la Global Witness, lililosaidia kuuzaa mchakato huo, lilijitoa mwaka 2011. Mkutano wa New Delhi wa mwaka 2019 nao ulimalizika bila maana mpya, kwa kuwa uamuzi unataka wote wakubaliane na nchi moja tu inatosha kuukwamisha.

Wakati huohuo soko limelegea. Almasi za maabara zimeangusha bei, na Januari 2025 Petra ilitangaza kuuza hisa zake zote za Mwadui kwa kampuni ya Pink Diamonds Investments kwa kiasi kisichozidi dola milioni 16, chini ya theluthi moja ya bei ya lile jiwe la Hong Kong. Bei ikishuka, kuna hatari ya matumizi ya usalama kupunguzwa.

Wala dhahabu ya jirani zetu haina la kujivunia. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilikuta watoto wakichimba na kushika zebaki kwa mikono kwenye machimbo madogo, Chunya ikiwemo.

Serikali inamiliki asilimia 37 ya mgodi wa Mwadui kwa makubaliano ya Desemba 2021. Mwenye hisa kiasi hicho ana haki ya kudai taarifa. Wizara ya Madini na iagize kwamba kila taarifa ya mwaka ya mgodi huo, inapotaja karati zilizouzwa, itaje pia waliokamatwa, waliojeruhiwa na waliokufa ndani ya uzio, na fidia iliyolipwa kwa kila mmoja.