Mwenye maradhi mawili asitibiwe nusu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Muumba wa mwili na nafsi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, upo mtihani unaozikumba nyumba nyingi za miji yetu, ambao aghalabu husitiriwa kwa aibu. Ni mtihani wa mtu mzima, pengine mwenye mke na watoto, aliyekusanya maradhi mawili: akili imeugua, na papo hapo ametekwa na unga, bangi au pombe. Jamaa hugawanyika juu yake. Mmoja husema huo ni ulevi tu, afukuzwe nyumbani. Mwingine husema ni jini, asomewe. Wa tatu hutafuta mnyororo. Wakati wao wanabishana, mgonjwa anaangamia.

Maradhi yanayochocheana

Wapo walioanza kwa kuugua akili. Sauti wasizozisikia wengine, hofu au sonona ziliwanyima usingizi, wakatafuta utulivu katika kileo. Wapo walioanza na kileo chenyewe. Bangi, hasa kwa aliyeianza angali kijana mdogo, huongeza hatari ya kurukwa na akili, na pombe nyingi ya miaka huzaa sonona. Kwa vyovyote vile, kila ugonjwa huuchochea mwenzake. Anayetibiwa akili peke yake hurudi kwenye unga, na unga humsahaulisha vidonge vyake. Anayetibiwa uraibu peke yake hubaki na zile sauti, nazo humrudisha alikotoka.

Hatari nyingine imo katika dawa zenyewe. Mgonjwa anayekunywa methadoni katika kliniki moja, huku akimeza diazepamu aliyoipata kwingine, aweza kulala asiamke, kwa kuwa zote mbili hudhoofisha pumzi. Kabamazepini, itumikayo kwa kifafa na kwa baadhi ya maradhi ya akili, huifanya methadoni iishe upesi mwilini, na mgonjwa akarejewa na mateso ya kukosa unga, yale ambayo vijana huyaita arosto. Kwa hiyo ni lazima awepo tabibu mmoja, au matabibu wanaoshauriana, wanaojua kila kinachoingia mwilini mwake.

Jambo hili si geni katika Uislamu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza kuwa mwanadamu ameumbwa kwa vyote viwili, na kwamba maradhi ya kimoja hukigusa cha pili.

Tiba ya kwenda na kurudi

Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, Temeke mwaka 2014, kisha huduma ikaenea mikoani. Huko Unguja hutolewa Kidongo Chekundu, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Mgonjwa halazwi. Hufika, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, kisha huenda zake kazini au nyumbani. Dawa hiyo hukaa mwilini kwa takriban siku nzima, ikamwondolea arosto bila kumlewesha, madhali kipimo ni sahihi.

Fadhila kubwa ya tiba hii ni kwamba mgonjwa huonekana mara kwa mara. Mhudumu makini hutambua mapema aliyeanza kuzungumza peke yake, aliyeacha kuoga au aliyekata tamaa ya kuishi, akampeleka kwa daktari wa akili kabla mambo hayajaharibika. Kwa asahauye vidonge, zipo sindano za maradhi ya akili zinazochomwa mara moja kwa mwezi au karibu na hapo.

Hata hivyo, si kila mtu aanzie nje. Anayetaka kujiua, anayehatarisha wengine, au aliyezoea pombe nyingi kila siku, huenda akahitaji kulazwa kwanza. Pombe ikikatwa ghafla kwa mtu wa namna hiyo yaweza kuleta degedege na hata mauti.

Je, methadoni si ulevi?

Swali hili huulizwa misikitini, na ni swali la haki, kwani ulevi umeharamishwa waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 90. Lakini atumiaye dawa kwa kipimo cha daktari ili aondokane na madhara makubwa hatafuti starehe, anatafuta uzima. Sheria yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara, na Mtume (SAW) ametuhimiza kujitibu. Kusomewa Qur'ani nako ni jambo jema, ila kusiwe sababu ya kuvitupa vidonge.

Tahadhari zaidi yahitajika Ramadhani inapokaribia. Wapo wanaoikatiza tiba wenyewe kwa kuona haya mbele ya wanaofunga. Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, zimempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Basi na azungumze na kliniki yake kabla ya mwezi kuandama, aulize kama saa za dawa zaweza kupangwa, na amuulize mwanachuoni kuhusu kulipa au fidia. Naye aliyeacha unga mwezi mzima bila tiba ajue kuwa mwili wake umeshausahau. Akirudia kipimo cha zamani siku ya Idi, kipimo hicho chaweza kumuua.

Wajibu wetu

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa sahaba mmoja aliletwa mara nyingi mbele ya Mtume (SAW) kwa kosa la ulevi. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume (SAW) alimkataza, akashuhudia kuwa sahaba yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kosa halikuhalalishwa, lakini mkosaji hakutupwa nje ya umma.

Ikiwa huyo hakulaaniwa, vipi tumlaani ambaye akili yake nayo inaugua? Tumfungue mnyororo, tumpe nauli ya kliniki, tumsindikize siku anapositasita. Imamu amjue kwa jina na amwulizie anapokosekana safuni. Mwajiri amruhusu kufuata dawa. Akianguka tena, tusihesabu kuwa tiba imeshindwa. Arejeshwe kliniki siku hiyo hiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuwa sababu ya uzima wao. Amin.