Mama, Mtoto Akianza Shule ya Kiingereza Usinyamaze

Kati ya mwaka 2013 na 2024 maelfu ya familia za Wakongo zilihama kutoka makambi ya wakimbizi ya Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikapelekwa kuishi Marekani. Huenda nawe, msomaji, una ndugu au jirani wa zamani aliye huko. Watoto waliozoea kucheza na kugombana kwa Kiswahili walijikuta wameketi darasani, mwalimu anasema, wenzao wanacheka, nao hawaelewi hata neno.

Hapo ndipo mama hujiuliza: “Nitamsaidiaje mtoto wangu, nami Kiingereza sikijui?” Dada yangu, usikate tamaa. Shule ina wajibu wake nawe una wako, na sehemu kubwa ya wajibu wako haihitaji Kiingereza.

Ni haki, si hisani

Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya watoto wa Kichina wa mji wa San Francisco. Wapatao 1,800 hawakuwa wakipewa msaada wowote wa kujifunza Kiingereza. Mahakama iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu, dawati na mwalimu sawa na wenzake si usawa, ikiwa lugha ya masomo haielewi. Mwaka huohuo ikatungwa sheria inayozitaka shule za serikali zichukue hatua za kumwondolea mwanafunzi kizuizi cha lugha. Mwaka 1982 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba mtoto asinyimwe shule ya bure ya serikali kwa sababu hana hati za uhamiaji.

Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi. Amri hiyo haikuifuta sheria ya 1974. Kwa hiyo mama anayeomba msaada wa lugha kwa ajili ya mwanawe haombi sadaka.

Jaza fomu kwa ukweli

Siku ya kumwandikisha mtoto, mzazi huulizwa: Mtoto alianza kusema kwa lugha gani? Nyumbani mnazungumza lugha gani? Wako wazazi wanaoandika “Kiingereza” wakidhani wanamjengea mtoto heshima. Kumbe wanamfungia mlango, kwa maana majibu hayo ndiyo huifanya shule impime mtoto. Andika Kiswahili, na kama ni Kibembe au Kinyamulenge, andika hivyo.

Kisha mtoto hupimwa kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Akionekana anahitaji msaada, mzazi hupelekewa barua. Kwa aliyeanza na wenzake, barua hiyo hutakiwa kufika ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze. Barua hueleza kiwango cha mtoto na jinsi atakavyofundishwa. Mzazi ana haki ya kukataa mpango huo, lakini asikatae kwa haya tu. Hilo si darasa la wajinga.

Msaada hutofautiana. Shule nyingine humtoa mtoto na wenzake wachache kwa kipindi kifupi, wafundishwe na mwalimu wa Kiingereza cha wageni. Nyingine humwingiza mwalimu huyo darasani, akae karibu na mtoto wakati wa hesabu au sayansi. Kila mwaka mtoto hupimwa tena hadi afuzu.

Kimya si ugonjwa

Kama muuguzi, napenda mama alijue hili vizuri. Mtoto aliyeingia katika lugha mpya anaweza kunyamaza kwa wiki au hata miezi. Anasikiliza na kuweka akiba. Kama nyumbani kwa Kiswahili anacheka, anasimulia na kubishana kama kawaida, ulimi wake ni mzima. Lakini kama hata kwa Kiswahili anachelewa kusema, haitiki akiitwa au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke hospitali apimwe masikio na maendeleo yake.

Shule ikitaka kumpima kama ana ulemavu wa kujifunza, ni lazima kwanza ikuombe idhini. Sheria inataka apimwe kwa lugha anayoijua, pale inapowezekana. Uliza swali hilo kabla ya kutia saini.

Jambo jingine ni mtoto kugeuzwa mkalimani. Yeye hujua Kiingereza mapema kuliko mama, basi kila barua ni yeye, kila kikao ni yeye. Je, mtoto aliyepigana atatafsiri malalamiko ya mwalimu juu yake mwenyewe kwa uaminifu? Na hospitali je, binti wa miaka kumi aeleze habari za tumbo la uzazi la mama yake? Omba mkalimani mtu mzima, shuleni na hospitalini. Jifunze sentensi moja tu ya Kiingereza ya kumwomba, uishike kwa moyo.

Usiache Kiswahili

Mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza lugha mpya na wenzake kwa takriban miaka miwili, lakini Kiingereza cha vitabuni na mitihani huchukua miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo usimchape wala kumwita mzembe akifeli sayansi huku uwanjani anazungumza kama mzaliwa wa huko.

Wala usikizime Kiswahili ili kumharakisha. Mtoto anayejua kwa Kiswahili kwamba maji yakichemka hugeuka mvuke hana haja ya kujifunza jambo hilo upya. Anatafuta jina lake tu. Mhadithie, mwulize alichosoma akueleze kwa Kiswahili, mfundishe kusoma na kuandika barua kwa bibi. Mama anayelazimisha Kiingereza cha kuokota hubaki na maneno machache ya amri: njoo, kula, lala. Mtoto akifika umri wa kuonywa na kushauriwa, mama atamshauri kwa lugha gani? Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Kama una ndugu huko, msomee makala hii kwa simu. Mwulize mambo matatu: Uliandika lugha gani kwenye fomu? Nani anakutafsiria shuleni? Na jioni, wewe na watoto mnaongea lugha gani?