Jasi ya Makanya na Kazi ya Sheria Wilayani Same

Wilaya ya Same, iliyo kusini mwa Mkoa wa Kilimanjaro, hutajwa mara chache katika mijadala ya madini nchini Tanzania, kwa kuwa haina dhahabu ya kiwango cha Geita wala tanzanaiti ya Mererani. Hata hivyo, tambarare za Makanya, zinazopitiwa na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na reli ya Tanga hadi Moshi, zina jasi, na katika milima ya Pare Kusini kuna boksiti, ambayo ni mawe ya udongo mwekundu yanayotoa alumini. Jasi husagwa pamoja na klinka, yaani vipande vigumu vinavyotoka katika tanuri la saruji, ili saruji isigande mara tu inapochanganywa na maji. Kiasi kinachotumika ni asilimia chache tu za uzito wa saruji, lakini pasipo kiasi hicho fundi asingepata hata muda wa kupiga lipu.

Bei ya jasi kwa tani ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuisafirisha, na kwa sababu hiyo faida ya mchimbaji huamuliwa zaidi na umbali wa kiwanda, hali ya lori na tozo za njiani kuliko utajiri wa mwamba wenyewe. Mwaka 2016 Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, ilipiga marufuku uingizaji wa jasi na makaa ya mawe kutoka nje ili viwanda vya saruji vinunue malighafi za ndani. Amri hiyo iliwapa wachimbaji wa Makanya soko ambalo wasingelipata kwa ushindani wa bei peke yake, na inaonyesha jinsi biashara hii inavyotegemea maandishi ya Serikali kuanzia shimoni hadi kiwandani.

Maandishi ya kwanza yanahusu umiliki. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinapotafsiri ardhi huyaondoa madini na mafuta ndani yake, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 huyaweka madini yote mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo mkulima mwenye hati ya hakimiliki ya kimila ana haki ya mahindi na mkonge wake, ila hana haki ya jasi iliyo hatua chache chini ya mizizi. Anachobakiwa nacho ni ridhaa: mwenye leseni haruhusiwi kufanya kazi karibu na nyumba inayokaliwa au shamba lililolimwa bila kibali cha maandishi cha mkaaji halali, na akisababisha hasara anapaswa kulipa fidia. Ridhaa hiyo ndiyo mtaji pekee wa kisheria alio nao mwanakijiji, na huuzwa kwa bei ya chini mno pale inapotolewa kwa mdomo, au kwa karatasi ya ukurasa mmoja iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji wakati kijiko, kama mtambo wa kuchimbia unavyoitwa, kimeshashushwa shambani.

Maandishi ya pili ni leseni yenyewe. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania peke yao kwa miaka 7 inayoweza kuongezwa, na sheria ilivyotungwa mwaka 2010 iliifungamanisha na mtaji usiofikia dola 100,000 za Marekani. Juu ya hapo ipo leseni ya uchimbaji wa kati, na juu zaidi ile ya mgodi mkubwa, ambayo mtaji wake huanzia dola milioni 100. Mabadiliko ya mwaka 2017, yaliyotungwa katika joto la mgogoro wa makinikia ya dhahabu, yaani mchanga wenye madini ambayo bado hayajasafishwa, yaliwalenga wakubwa. Serikali ilijipatia hisa zisizolipiwa zisizopungua 16% katika kampuni zenye leseni ya kati na kubwa, Tume ya Madini iliundwa, na mrabaha, yaani malipo kwa Serikali kama mwenye mali, ulipandishwa hadi 6% kwa dhahabu na vito. Kwa madini ya viwandani, ambamo jasi imo, kiwango cha 3% kilichowekwa mwaka 2010 hakikuguswa na mabadiliko hayo.

Kati ya leseni ndogo na ya kati ndipo penye tundu ambalo wilaya kama Same inalihisi kuliko Dar es Salaam. Eskaveta moja mpya inaweza peke yake kukaribia au kuvuka kikomo cha mtaji wa leseni ndogo, lakini inapokodishwa kwa siku au kwa tripu haihesabiki kuwa mtaji wa mwenye leseni. Vilevile leseni ndogo kadhaa zikipakana na kuchimbwa kwa mitambo ya mtu mmoja, umbo lake ardhini ni la mgodi wa kati, ilhali kisheria kila kipande hutazamwa peke yake: mwenye leseni ndogo hutakiwa kuwa na mpango wa kulinda mazingira, wakati mgodi wa kati hupitia tathmini kamili ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na huwekewa masharti ya kuufunga. Si lazima mtu awe amevunja sheria ili matokeo haya yatokee. Inatosha kila mmoja aishike sheria katika kipande chake.

Kazi ya wakili katika mazingira haya haifanani na ile inayoelezwa katika vitabu vya sheria za uwekezaji. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni anayehitaji huduma za kisheria nchini kutumia mawakili wa Kitanzania, na bila shaka zimezipa ofisi za Dar es Salaam kazi nzuri ya mikataba mikubwa. Jasi haina mikataba ya namna hiyo. Ina makubaliano mafupi kati ya mwenye leseni, mwenye mtambo na mwenye shamba, na yanapovunjika, wahusika hukuta milango miwili. Mgogoro kati ya wachimbaji, kama vile mipaka ya leseni, hupelekwa Tume ya Madini, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Mgogoro wa ardhi huanzia kwenye usuluhishi wa kijiji na kata, kwa kuwa mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua mashauri mwaka 2021, kisha hufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayebisha mlango usio wake hupoteza miezi, na malori huendelea kupakia.

Juu milimani mambo ni mazito zaidi. Msitu wa Chome, unaozunguka kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ni chanzo cha mito inayoteremka hadi mashamba ya tambarare. Boksiti na dhahabu vimewavuta wachimbaji upande huo kwa miaka mingi, baadhi yao bila kibali chochote. Ndani ya msitu wa hifadhi leseni ya madini haitoshi, kwa kuwa mamlaka ya misitu nayo lazima iridhie. Wapare hawakuanza kuwekeana masharti ya madini wakati wa Wazungu: katika Ugweno, eneo la Pare Kaskazini, kama alivyoeleza mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969, ukoo wa Washana, ambao ulikuwa wa wahunzi wa chuma, ulitawala kabla ya kuondolewa na Wasuya. Hata maji ya ndiva, mabwawa ya asili ya kumwagilia yanayopatikana katika vijiji kama Bangalala, hugawanywa kwa zamu zenye kanuni zinazojulikana na wakulima wote wa mfereji, ingawa leo kibali rasmi cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Upande wa nishati unatoa mfano ambao sekta ya madini ingefaa kuutazama kwa wivu kidogo. Kituo cha umeme wa maji cha Nyumba ya Mungu katika wilaya jirani ya Mwanga, kilichojengwa miaka ya 1960, huzalisha megawati 8 tu, na mnamo Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka kusini mwa nchi hupotea njiani. Hiyo ni mikataba ya mataifa. Kwa mzalishaji mdogo, hata hivyo, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliandaa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 mkataba sanifu wa kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa, umeme usiozidi megawati 10, na ikawaondolea wazalishaji wa chini ya megawati 1 sharti la leseni. Mwenye maporomoko madogo ya maji milimani hahitaji kuajiri wakili wa kutunga kila kifungu upya.

Mkataba kati ya mwenye leseni ya jasi na mwenye shamba, kinyume chake, huachwa kwa wahusika wenyewe, ambao uwezo wao wa kujadiliana haulingani. Iwapo Tume ya Madini na Halmashauri ya Wilaya ya Same zitatunga mfano wa mkataba huo, vifungu vya bei kwa tripu na fidia ya mazao ni vya kawaida na havitasumbua. Kigumu kitakuwa kile cha kufukia mashimo: nani atalipa, kiasi gani kitawekwa akiba kwa kila lori linalotoka, na fedha hizo zitashikwa na nani miaka 7 ya leseni itakapoisha na mwenye mtambo akawa ameshahamia kijiji kingine.