Marekebisho ya Picha za Anga Yanavyosaidia Usahihi wa Ramani

Wananchi na wanafunzi walioshiriki mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, walichora nyumba, barabara na mifereji katika OpenStreetMap ili kusaidia kukabiliana na mafuriko. Kazi hiyo hutegemea picha za anga, na palipo na kivuli kizito mfereji mwembamba unaweza kutoonekana kabisa.

Katika programu ya iD inayotumika kuchora ramani hizo, kitufe cha B hufungua mipangilio ya picha ya usuli. Humo mchoraji hurekebisha mwangaza, tofauti ya mwanga na giza, ukolevu wa rangi na ukali wa picha. Kuongeza mwangaza husaidia kuona yaliyo kivulini. Kuupunguza husaidia kutofautisha mapaa ya bati yanayong'aa.

Marekebisho hayo hubadilisha mwonekano pekee; hayaigusi ramani iliyohifadhiwa wala hayarekebishi picha iliyohama mahali pake. Kwa tatizo hilo kipo kipengele cha kuisogeza picha, baada ya kuilinganisha na njia zilizorekodiwa kwa GPS. Nyumba iliyochorwa mita chache pembeni inaweza kuonekana iko salama, ilhali ipo ukingoni mwa mto.