Walioanza, Waliomaliza na Walio Kazini

Kila tunapoomba mchango wa karo kwa vijana wa mafunzo ya amali, kamati za parokia na wafadhili hutuuliza: je, vijana hao wanapata kazi? Ni swali la haki. Bahati mbaya, taarifa nyingi za robo mwaka hazilijibu.

Mafunzo ya amali ni yale ambayo Tanzania Bara huitwa ufundi stadi. Zanzibar yana mamlaka yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, yenye vituo kama vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni hapa Unguja. Mbali na hivyo kuna vituo vya watu binafsi na vya taasisi za dini. Kila kituo kina daftari lake, na kila mwalimu ana namna yake ya kuhesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana 40 wameanza kozi ya upishi, 28 wamemaliza. Miezi sita baadaye mwalimu anawapigia simu hao 28, anawapata 20, na 15 kati yao wana kazi. Akigawa kwa waliopatikana, ataandika asilimia 75. Akigawa kwa waliomaliza, ni kama asilimia 54. Akigawa kwa walioanza, haifiki hata 38. Hajasema uongo mahali popote. Lakini mfadhili anayelinganisha vituo viwili bila kujua kila kimoja kimegawa kwa idadi ipi anaweza kukinyima fedha kile kilichokuwa kikweli zaidi. Kwa maoni yetu, idadi zote nne ziandikwe, na ya walioanza itangulie. Wale 12 walioacha nao walilipiwa karo, na sababu zao (nauli, ujauzito, kazi ya kibarua) ndizo zinazotuonyesha pa kurekebisha.

Siku ya kuhesabu nayo ina uzito wake. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani ya mashariki hupunguza wafanyakazi, na nyingine hufunga. Mhitimu aliyekuwa jikoni mwezi Agosti anaweza kuwa nyumbani mwezi Mei, kisha akaitwa tena. Marekani, sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 2018 inataka hali ya mhitimu iangaliwe katika robo ya pili baada ya kumaliza, ili wote wapimwe kwa muda uleule. Kwa kozi za hoteli hapa kwetu, kuhesabu mara moja hakutoshi: tuhesabu msimu wa wageni na msimu wa mvua, na tarehe iandikwe.

Kuna pia mafundi wasioonekana kabisa. Fomu huuliza "ameajiriwa" au "hajaajiriwa". Binti anayeshona nyumbani Ng'ambo, ambaye wiki za kabla ya Idi halali kwa wingi wa nguo za wateja, huwekwa safu ya pili. Fomu iwe na nafasi ya anayejiajiri, na imuulize ni siku ngapi za mwezi uliopita alipata kazi ya malipo.

Mwisho ni majina. Katika orodha ya Unguja si ajabu kukuta vijana wawili wenye majina matatu yanayofanana. Namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, au ya cheti cha kuzaliwa kwa aliye chini ya miaka 18, huzuia mtu mmoja kuhesabiwa mara mbili. Simu hubadilishwa na laini hupotea, kwa hiyo siku ya kuandikishwa ichukuliwe pia namba ya mzazi, pamoja na shehia anayoishi. Simu ikizimwa, bado kuna pa kuulizia.

Tunaziomba kamati zinazolipia vijana karo zikitembelee kituo robo hii na kuomba kuliona daftari la mahudhurio lenyewe, kisha zilinganishe majina yake na idadi iliyoandikwa katika taarifa.