Seva Inayotafuta Bila Kusoma

Oktoba 2020, maelfu ya raia wa Finland walipokea barua pepe za vitisho. Aliyezituma alikuwa na kumbukumbu zilizoibwa kutoka Vastaamo, kampuni ya matibabu ya kisaikolojia, na alimtaka kila mgonjwa alipe euro 200 kwa bitcoin, la sivyo yale aliyomweleza tabibu wake faraghani yangeanikwa intanetini. Walioathirika walikuwa takriban 33,000. Kumbukumbu zao hazikuwa zimesimbwa, kwa hiyo aliyezipata aliweza kuzisoma moja kwa moja.

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni kwamba zingesimbwa tu. Ni kweli, usimbaji fiche hugeuza maandishi kuwa fujo ya herufi ambayo asiye na ufunguo hawezi kuielewa. Lakini hospitali haihifadhi kumbukumbu ili zikae kimya. Kesho yake daktari atataka kuwaona wagonjwa wote wa kisukari waliofika mwezi uliopita, na faili zao ziko kwenye seva za kampuni ya wingu. Faili zikisimbwa, seva hizo hazioni neno "kisukari" popote.

Kwa muda mrefu zilikuwapo njia mbili tu. Ama hospitali ipakue faili zote na kuzifungua kwenye kompyuta zake, jambo lisilowezekana zikishafika milioni, ama impe mwenye seva ufunguo. Njia hii ya pili ndiyo iliyoenea. Ndiyo maana huduma inaweza kutangaza, bila kudanganya, kwamba imesimba data za wateja wake, na bado ikaweza kuzisoma ikitaka, ikilazimishwa, au mfanyakazi wake mmoja akihongwa.

Mwaka 2000 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Dawn Song, David Wagner na Adrian Perrig, walichapisha njia ya tatu: seva itafute neno ndani ya data zilizosimbwa bila kupewa ufunguo wa kuzifungua. Njia yao ilikuwa nzito, kwani seva ililazimika kupitia maandishi yote neno kwa neno. Mwaka 2006 Reza Curtmola, Juan Garay, Seny Kamara na Rafail Ostrovsky waliiboresha kwa kutumia faharasa, kama ile inayowekwa mwishoni mwa kitabu.

Kabla data hazijapelekwa winguni, programu iliyomo kwenye kompyuta ya hospitali huandaa orodha: "kisukari" limo katika faili hizi, "malaria" katika zile. Kila neno huchanganywa na ufunguo wa siri katika kanuni ya hesabu, na kinachotoka ni mfuatano wa herufi na tarakimu usiofanana hata kidogo na neno lenyewe. Namba za faili nazo husimbwa. Daktari akitafuta, kompyuta yake hutengeneza mfuatano uleule, unaoitwa tokeni, na kuutuma. Seva huulinganisha na orodha iliyo nayo, hupata faili husika na kuzirudisha zikiwa bado zimefungwa. Zinafunguliwa hospitalini, mahali ambapo ufunguo haujawahi kutoka.

Ni kazi ya kuvutia sana, na ina tundu linalostahili kuelezwa wazi. Seva haijui neno lililotafutwa, ila inajua tokeni ipi imerudiwa na faili zipi zimetoka pamoja. Mwaka 2012 watafiti Mohammad Saiful Islam, Mehmet Kuzu na Murat Kantarcioglu walifanya majaribio kwa barua pepe za wafanyakazi wa Enron, zilizowekwa hadharani baada ya kampuni hiyo ya Marekani kufilisika. Walionyesha kwamba mtu anayejua maneno gani huandamana katika barua za aina hiyo anaweza kukisia mengi ya yaliyotafutwa. Hakuhitaji kuvunja msimbo wowote. Alitazama tu mienendo.

Miaka minne baadaye Yupeng Zhang, Jonathan Katz na Charalampos Papamanthou waliongeza ujanja. Katika shambulio lao, adui hutunga barua pepe zenye maneno anayoyachagua mwenyewe, kisha humtumia mlengwa. Zikishasimbwa na kuhifadhiwa, adui aliye ndani ya seva hutazama barua zake zipi zinatoka kwa tokeni ipi, na kwa njia hiyo huyatambua maneno. Dawa iliyopatikana ni mifumo ambayo tokeni ya zamani haiwezi kuifikia faili iliyoongezwa baada yake.

Njia nyepesi zaidi zina hatari kubwa zaidi. Kuna usimbaji unaohifadhi mpangilio wa namba ili seva iweze kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Mwaka 2015 Muhammad Naveed, Seny Kamara na Charles Wright waliupima kwa kumbukumbu halisi za hospitali 200 za Marekani. Katika asilimia 95 ya hospitali hizo waliweza kurejesha umri na ukali wa ugonjwa kwa zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa. Takwimu hiyo ingepaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayonunua mfumo wa kuhifadhi taarifa za watu.

Je, kuna njia isiyovuja kitu? Wazo lipo tangu 1978, pale Ronald Rivest, Leonard Adleman na Michael Dertouzos walipouliza kama kompyuta inaweza kufanya hesabu juu ya data zilizofungwa. Mtafiti Craig Gentry ndiye aliyeonyesha mwaka 2009 kwamba hesabu ya aina yoyote inawezekana. Gharama yake ni muda: ili isijulikane kilichotafutwa, seva hulazimika kugusa kila kitu. Hata hivyo kwa kazi ndogondogo njia hiyo imeanza kutumika. Katika iOS 18 ya mwaka 2024, iPhone huweza kutambua jengo maarufu kwenye picha kwa kutuma maelezo yaliyosimbwa. Seva ya Apple huyalinganisha bila kuyafungua, na jibu hurudi likiwa limesimbwa. Kwa upande wa hifadhidata, mfumo wa MongoDB uliruhusu rasmi mwaka 2023 kutafuta thamani inayolingana ndani ya data zilizosimbwa, na mwaka uliofuata ukaongeza utafutaji wa masafa, mfano umri kati ya miaka 30 na 40.

Huku kwetu sheria zimeshatangulia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaja usimbaji fiche waziwazi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinamwajibisha anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, hata anapozihifadhi kwa mtu mwingine. Kwa hiyo zahanati, saccos au shule inayohamia winguni isiridhike kuambiwa kwamba data zimesimbwa. Imuulize muuzaji maswali mawili na itake majibu kwa maandishi: ufunguo anabaki nao nani, na seva inaona nini pale tunapotafuta?